I-73 ya kwenda Myrtle Beach: North Carolina wamejenga, South Carolina bado tunangoja. Jimbo litoe hela

Usukani wa Conway (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Najua wengi humu mko nyumbani na barabara za Marekani mnaziona za watu wengine. Lakini Waswahili tuko Carolina hizi mbili, na wengi wetu tunakula kwa usukani. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nimeamua kulishusha lote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome aya mbili na kurudi baadaye.

Mimi naishi Conway, South Carolina, makao makuu ya kaunti ya Horry (hiyo H haitamkwi, wenyeji wanasema "Ori"). Bahari iko maili kama 14 kutoka kwangu, pale Myrtle Beach. Ukanda wote wa fukwe, maili kama 60, unaitwa Grand Strand, na kila mwaka unapokea wageni kwa mamilioni. Pamoja na wingi wote huo, hakuna hata barabara moja kuu ya majimbo (interstate, zile zenye herufi I mbele ya namba) inayofika pale. Hakuna. Iliyo karibu ni I-95, nayo inapita mbali huko bara, upande wa Dillon na Florence.

Sasa twendeni na lori. Nikipakia Greensboro, North Carolina, nashika I-73 kuelekea kusini. Lami safi, hakuna mataa, hakuna anayekukatizia mbele. Asheboro hiyo inapita, Ellerbe inapita, unafika Rockingham hujakanyaga breki mara tatu. Ukikaribia mpaka wa South Carolina, I-73 inaisha. Sisemi inaharibika, nasema inaisha. Baada ya hapo ni Bennettsville, Latta, Marion, Galivants Ferry, Aynor, ndipo Conway. Barabara ya 501 ina njia nne, sikatai, ila ina mataa, ina viingilio vya mashamba vinavyotokea moja kwa moja barabarani, na kuna mahali gari dogo linakatiza njia zote nne kugeuka kushoto huku wewe unashuka na tani 36. Jumamosi za kiangazi, wageni wa wiki moja wakitoka na wengine wakiingia, nimekaa kwenye foleni ya 501 mpaka barafu ya kinywaji ikayeyuka yote.

Barabara hii si wazo la jana. Bunge la Marekani liliitaja katika sheria ya uchukuzi ya mwaka 1991: njia ya kutoka Michigan mpaka pwani ya South Carolina. Michigan na Ohio wakajitoa. Virginia wameishia kwenye michoro. North Carolina wakajenga. South Carolina tuna kibali, tuna ramani, tuna mabango ya "tunataka I-73", na hatuna hata maili moja ya lami yenye namba hiyo.

Tofauti imetoka wapi? Nimeitafuta sana, na jibu ninaloliamini ni hela ya jimbo. North Carolina walipitisha sheria mwaka 1989 ya kuanzisha mfuko maalumu wa barabara kuu, wenye chanzo chake cha kodi ya mafuta na kodi ya kununua magari. Namba ya I-73 ilipokuja, tayari walikuwa na vipande vya barabara ya 220 vilivyopanuliwa kwa kiwango kinachotakiwa. Wakaviunganisha kimoja baada ya kingine, miaka ikapita, ikawa barabara. Washington walikuta mwenzao ameshaanza, wakaongezea. Sisi huku tumekuwa tukienda Washington na bakuli tupu, tukiomba serikali kuu ndiyo iweke dola ya kwanza. Haiweki.

Mwaka 2021 ndipo nilipopata matumaini. Mwezi wa kumi Gavana Henry McMaster alikuja Myrtle Beach akatangaza kwamba ataliomba bunge la jimbo litenge dola milioni 300, kutoka kwenye fedha za serikali kuu za kujikwamua baada ya korona. Hesabu iliyowekwa hadharani wakati ule ilikuwa hivi: serikali kuu milioni 795, kaunti ya Horry milioni 350, jimbo milioni 300, na North Carolina milioni 185 za kipande chao cha mwisho. Jumla inazidi kidogo bilioni 1.6. Kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na fungu lake limeandikwa.

Wabunge hawakuipitisha ile milioni 300. Fungu la jimbo likatoka, hesabu yote ikalala.

Hoja yangu ni hiyo tu. Jimbo liweke fungu lake kwanza, liweke kwenye sheria ya bajeti na si kwenye hotuba, halafu ndipo tuanze kuwalaumu watu wa Washington.

---

Kijana wa Moshi Bar

Mkuu asante kwa shule. Swali moja: mbona huwa tunasikia hizi barabara za I zilijengwa na serikali kuu karibu kwa asilimia mia? Kwa nini leo jimbo lihangaike?

---

Usukani wa Conway

Swali zuri mkuu. Ilikuwa hivyo. Eisenhower alisaini sheria Juni 1956, serikali kuu ikabeba asilimia 90 na jimbo likabeba 10. Kulikuwa na mfuko wa kodi ya mafuta uliowekwa kwa kazi hiyo, na ramani ya maili kama 41,000 iliyopangwa toka mwanzo. Ambaye hakuwemo kwenye ramani ile, kama Myrtle Beach, ndiye anayehangaika leo. Enzi hizo Myrtle Beach ilikuwa mji mdogo wa pwani, nani angeikumbuka?

Siku hizi kwa kawaida serikali kuu inatoa asilimia 80, na pia si hela mpya inayoshuka kwa ajili yako. Jimbo linapewa mgao wake wa mwaka, lichague lenyewe litautumia wapi. Ukiupeleka I-73, umeunyima I-26 inayotoka Columbia, makao makuu ya jimbo, kwenda Charleston, au upanuzi wa I-95. Ndiyo maana wabunge wa upande wa milimani, Greenville na Spartanburg, wanauliza kwa nini wao wabebe barabara ya watu wa pwani. Siwaoni wabaya. Wana foleni zao.

---

Binti Pangani

Kaka Usukani, nimekusoma mpaka mwisho, na mimi niko Charleston kwa hiyo naongea kama jirani. Hapa sitakuunga mkono, niruhusu nieleze.

Kwanza, mwaka 2017 jimbo hili lilipandisha kodi ya mafuta, senti mbili kila mwaka kwa miaka sita, kutoka 16.75 mpaka 28.75 kwa galoni. Gavana mwenyewe aliipiga veto, wabunge wakaipitisha juu ya veto yake. Wananchi tuliambiwa hela hiyo ni ya kukarabati barabara zilizopo. Idara ya uchukuzi ya South Carolina inatunza maili zaidi ya 41,000, ni kati ya mitandao mikubwa kabisa nchi hii kwa jimbo, wakati jimbo lenyewe ni dogo. Barabara za vijijini zinaua watu. Kabla ya kujenga mpya, tumetunza za zamani?

Pili, ardhi oevu. Kibali kilichotolewa mwaka 2017 kiliruhusu kufukia zaidi ya ekari 300 za vinamasi. Shirika la mazingira la Coastal Conservation League lilifungua kesi mwisho wa mwaka ule. Na hawakusema "msijenge kitu". Walisema chukueni barabara ya 38 na 501 zilizopo, ondoeni mataa, wekeni madaraja ya kupishana, mtapata mwendo karibu uleule kwa gharama ndogo zaidi. Kile kinamasi ndicho kinachokunywa maji ya mafuriko, kaka. Ukikifukia, maji yatakwenda kwa nani?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Pwani hii ina Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliolimishwa mpunga kwa nguvu huku. Mimi nikienda kwenye visiwa vyao, nikaona nyavu na vikapu vya kusukwa, nakumbuka kwetu. Angalia kisiwa cha Hilton Head: daraja lilifunguliwa mwaka 1956, na baada ya hapo ardhi ya wenyeji ikawa mahoteli na viwanja vya gofu. Familia nyingi za Kigullah wana ardhi ya urithi isiyo na hati ya mtu mmoja, ndugu mmoja wa mbali akishawishiwa kuuza fungu lake, shamba zima linaweza kupigwa mnada mahakamani. Barabara ikifika, bei inapanda, na kodi ya ardhi inapanda nayo. Nani atawalinda Wagullah wa Bucksport na Atlantic Beach, huko kwenu Horry?

---

Usukani wa Conway

Dada Binti Pangani, umenigusa, na sitakujibu kwa haraka haraka. Nimesubiri nifike nyumbani nikae chini.

Nianze na maji, maana hayo nimeyaona kwa macho. Septemba 2018, kimbunga Florence. Kilitua tarehe 14 upande wa North Carolina, na sisi tulikuwa tumeshaamriwa kuondoka, njia za 501 ziligeuzwa ili magari yote yaelekee bara. Kuondoka hakukuwa shida kubwa. Kurudi ndiko kulikotutoa jasho. Upepo ulipita, jua likatoka, watu wakadhani yamekwisha. Kumbe mito ndiyo kwanza inaanza kuteremka na maji yote ya North Carolina. Mto Waccamaw uliendelea kupanda kwa siku kumi na zaidi, ukafika kilele hapa Conway tarehe 26, futi 21 na kitu, rekodi ambayo haijawahi kuonekana. I-95 ilifungwa upande wa Lumberton. Mimi nilikuwa na lori la maji ya kunywa, nimezunguka siku mbili natafuta pa kuingilia. Mke wangu na watoto walikuwa ndani ya mji, na mama mmoja jirani yetu aliyekuwa anapumua kwa mashine.

Njia iliyonipitisha ni 501, kwa sababu idara ya uchukuzi na askari wa akiba wa jimbo (National Guard) walijenga ukuta wa muda kandokando ya barabara pale kwenye Ziwa Busbee. Nilipita maji yakiwa yamesimama upande wa pili wa ukuta, juu ya usawa wa matairi yangu. Sitasahau. Ule ukuta ungevunjika, Myrtle Beach nzima ingekuwa kisiwa.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa I-73 wenzangu huwa hawapendi kulisema: barabara ya 22, ambayo ndiyo I-73 itaungana nayo karibu na Aynor na kuimalizia mpaka baharini, nayo ilifungwa kwa maji wakati huohuo. Kwa hiyo dada, anayesema I-73 peke yake ni njia ya uokoaji hasemi yote. Nakubali. Hela ya jimbo ninayoidai iwe na sharti: kipande cha 22 kwenye Waccamaw kiinuliwe, na popote njia inapovuka kinamasi iwe daraja refu juu ya nguzo, isiwe tuta la udongo. Tuta ni bwawa. Linazuia maji upande mmoja na kuwazamisha watu. Nichols, mji mdogo ule wa kaunti ya Marion, ulizama mwaka 2016 kwa kimbunga Matthew, ukazama tena 2018 kwa Florence, watu hawajamaliza hata kupaka rangi. Anayechora barabara ya kupita maeneo yale aende kwanza akae Nichols siku moja.

Kuhusu ekari 300, wapo walioweka fidia: eneo la Gunter's Island kando ya mto Little Pee Dee, ekari zaidi ya 6,000, lihifadhiwe milele. Najua utasema kuhifadhi msitu uliokuwepo tayari hakurudishi kinamasi kilichofukiwa, na utakuwa sahihi. Lakini si kitu kidogo pia. Horry ilikuwa na watu 269,291 mwaka 2010, ikawa na 351,029 mwaka 2020. Wajenzi wa nyumba wanafukia kila kona, bila kumwachia mtu msitu wowote.

Kuhusu kuboresha 38 na 501: nimeziendesha hizo kwa miaka, na wazo hilo si baya. Wasiwasi wangu ni kwamba kandokando yake kumejaa. Ukiifanya 501 iwe na viingilio vichache, inabidi umfungie mtu geti la shamba lake, duka lake, kanisa lake, kisha ujenge barabara za pembeni kila upande. Ila wakija na hesabu ya wazi inayoonyesha nafuu, na jimbo likatoa hela kesho, mimi nitaacha kubishana kuhusu namba. Namba ya 73 si ya babu yangu.

La Wagullah sina jibu zuri. Barabara haipiti juu ya Bucksport, lakini bei ya ardhi haihitaji kupita juu yako ili ikuondoe. Nadhani jimbo likitoa mamia ya mamilioni kwa lami, linaweza kutoa fungu dogo la mawakili wa kusaidia familia kusafisha hati zao kabla wanunuzi hawajafika. Hilo niliongeze kwenye madai yangu kuanzia leo. Asante kwa kunifumbua macho.

---

Mzee wa Mombasa Raha

Vijana, mnajadili vizuri. Mimi nilikaa Greenville miaka kadhaa kabla ya kurudi. Kwa nini wasiifanye barabara ya kulipia, mwenye kutaka kufika pwani upesi alipe?

---

Usukani wa Conway

Shikamoo mzee. Kama ulikaa Greenville, basi ile barabara ya kulipia ya huko, Southern Connector, unaijua. Ilifunguliwa mwaka 2001 kwa hela ya mikopo, ikitegemea tozo. Magari hayakufika idadi iliyokadiriwa, na mwaka 2010 waliokuwa wakiiendesha wakaomba kinga ya ufilisi. Kwa upande mwingine Hilton Head barabara ya Cross Island ilitoza, deni likaisha, tozo ikaondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo inategemea magari mangapi yatapita, na miezi gani. Myrtle Beach ina msimu. Julai imejaa, Januari ni upepo na bata bahari. Mkopo unalipwa miezi kumi na miwili.

Sisi madereva tozo si tatizo kama inaokoa saa moja, ila wenye kampuni ndogo wengi wangebaki 501 kukwepa, na 501 ingebaki vilevile.

---

Mama Wawili Dillon

Shemeji Usukani, mbona wote mnaongelea Myrtle Beach? Sisi tunaoishi njiani je?

Nafanya kazi ya usafi hotelini Myrtle Beach, naishi Dillon kwa sababu kodi ya nyumba ya pwani siiwezi. Kila siku saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na msimu wa joto ni zaidi. Tunapanda gari moja akina mama wanne. Marion, Dillon, Marlboro zilikuwa na tumbaku na viwanda vya nguo, vyote vimekwisha. Vijana wanaondoka. Mkisema jimbo litoe hela "kwa ajili ya watalii" nasikia vibaya, kwa sababu anayetandika kitanda cha mtalii ni mimi, nami natoka huku.

Ila pia naogopa. Barabara kuu ikipita kando, magari hayataingia tena mjini. Latta na Marion wana migahawa midogo inayoishi kwa watu wa pwani wanaosimama kula.

---

Usukani wa Conway

Shemeji, haya ndiyo maneno ambayo ningetamani wabunge wa Columbia wayasikie kutoka kwako na si kutoka kwangu.

Dillon mmepata bandari kavu toka 2018, ile ya reli ya kwenda bandari ya Charleston. Mimi nachukua makontena pale. I-95 inapita, reli ipo, na I-73 ikifika pangekuwa na makutano ya njia nne: kaskazini, kusini, milimani na baharini. Kiwanda kinatafuta makutano kama hayo. Hoja ya hoteli peke yake haiwashawishi watu wa Greenville kutoa hela yao, na kweli kwa nini iwashawishi? Hoja ya kaunti tatu zilizopoteza kazi zao zote ndiyo yenye uzito. Ajabu ni kwamba miaka yote hii matangazo yanaonyesha mchanga na mwavuli.

Kuhusu migahawa ya Latta, hofu yako ni ya kweli na sina dawa. Miji mingi ya barabara ya zamani ilikufa hivyo.

---

Kijana wa Moshi Bar

Na hao wa Horry wenyewe, wanaofaidika, wanachangia nini? Wasije kukaa na kuomba tu.

---

Usukani wa Conway

Wanachangia, mkuu, na hapa niwape haki yao. Barabara ya 22 ilijengwa kwa mpango wa kaunti ulioanza 1996: tozo ya asilimia 1.5 kwenye hoteli, migahawa na burudani ilitumika kulipa mkopo wa benki ya miundombinu ya jimbo. Mgeni anayekula kaa alikuwa anatulipia lami. Baadaye kaunti ikataka kuiendeleza tozo hiyo kwa ajili ya I-73, jiji la Myrtle Beach likaishtaki kaunti mwaka 2019 kuhusu nani mwenye haki na hela hiyo, wakapatana 2021. Miaka miwili ikaliwa na mahakama.

Halafu Novemba 2024 wapiga kura wa Horry walipitisha senti moja kwa kila dola ya kodi ya mauzo kwa miaka 25 kwa ajili ya barabara, na I-73 ina fungu lake humo. Kura hiyo ilikuwa ya watu wa kawaida, wanaonunua sabuni na mkate kwa kodi hiyohiyo. Kwa hiyo kaunti imeshaweka hela mezani. North Carolina wameshafika mlangoni. Kiti kilicho wazi ni cha jimbo.

---

Binti Pangani

Kaka, bado sijakubali njia mpya, ila madaraja badala ya tuta na mawakili wa hati, hayo nitakusaidia kuyasemea. Ukiandika barua kwa mbunge wako niwekee nakala, nami nitaandika kwa wangu. Wasikie kutoka pande zote mbili kwamba 22 lazima iinuliwe kwanza, hata kama tunabishana kuhusu mengine.

---

Usukani wa Conway

Tumekubaliana dada. Nitaiandika Jumapili.

Alhamisi napakia tena Greensboro. Nitasimama pale Rockingham inapoishia, nipige picha ya kibao cha mwisho cha I-73, niwawekee hapa.